Uzito wa Tendo: Historia ya Kutafuta Kina katika Michezo ya Uigizaji Mtandaoni

Mchezo wa uigizaji mtandaoni ni mchezo wa kompyuta ambamo watu wengi, kila mmoja akiwa mbele ya mashine yake, huingia kwa wakati mmoja katika ulimwengu mmoja wa kubuni na kuishi humo kwa sura ya wahusika waliowaunda wenyewe, wakawalea kwa miezi au miaka hadi wakawa mashujaa, wafanyabiashara, wahunzi au wanyang'anyi. Ulimwengu huo hausimami mchezaji anapozima kompyuta yake. Akirudi kesho yake hukuta bei zimepanda, ngome imetekwa au jirani amehama. Katika zaidi ya miaka 40 ya historia yake, aina hii ya mchezo imeandamwa na lalamiko moja ambalo kila kizazi cha wachezaji hulitoa kana kwamba ndicho cha kwanza kuliona, nalo ni kwamba michezo imekuwa myepesi mno na haina kina. Watengenezaji wamelijibu mara nyingi kwa kuongeza silaha, kanuni na maeneo mapya. Hata hivyo, uchunguzi wa michezo ile ambayo wachezaji wenyewe waliienzi kwa kina chake unaonyesha kwamba kina hicho kilitoka kwingine, yaani katika matendo ambayo matokeo yake hayakufutika, na katika hali iliyomlazimu mchezaji kuwategemea wenzake.

Chimbuko la michezo hii ni mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliotolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji wachache walizunguka meza na kutupa kete, na mmoja wao akawa msimulizi, yaani mtu aliyeeleza kilichokuwa mbele ya wahusika na kuamua matokeo ya kila walichojaribu. Nguvu ya mchezo huo ilikuwa katika ubinadamu wa msimulizi: mchezaji alipoamua kumhonga mlinzi badala ya kupigana naye, au kuuchoma mlango badala ya kutafuta ufunguo, msimulizi aliweza kulipokea wazo hilo na kulitafutia jibu papo hapo. Haukupita muda mrefu kabla ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois kuanza kuandika michezo ya mapango na hazina kwenye mfumo wa kompyuta uitwao PLATO, na hapo kompyuta ikakikalia kiti cha msimulizi. Ilikokotoa kwa kasi ambayo hakuna mtu angeiweza, lakini haikuwa na jibu kwa jambo ambalo mwandishi wa programu hakulitarajia. Sehemu kubwa ya kiu ya kina iliyofuata ilianzia katika pengo hilo.

Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex kilichoko Colchester, Uingereza, alianza kuandika programu aliyoiita MUD, na mwaka 1980 kazi hiyo ikarithiwa na mwanafunzi mwenzake, Richard Bartle, aliyeiendeleza hadi ikakamilika. MUD haikuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipokuwa, akaandika amri ya maneno mawili matatu, kama vile kwenda kaskazini au kuokota upanga, na kompyuta ikamjibu kwa aya nyingine, huku maneno na vitendo vya wachezaji wengine waliokuwa mahali pale pale vikijitokeza kwenye skrini yake. Watu wa nje ya chuo waliruhusiwa kuingia kwa njia ya simu nyakati za usiku, wakati mashine haikuwa na kazi za kitaaluma. Hazina zilizookotwa zilitupwa katika kinamasi ili zigeuke kuwa alama, na aliyekusanya alama za kutosha alipanda cheo hadi kuwa mchawi, mwenye uwezo wa kuuamuru ulimwengu wenyewe. Lakini mhusika aliyeuawa katika mapigano alifutwa kabisa, pamoja na alama zote alizozichuma, na mwenyewe akalazimika kuanza upya. Kwa kipimo chochote cha leo programu hiyo ilikuwa ndogo. Kilichoipa uzito ni kwamba kila pambano liliweza kuwa la mwisho.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, MUD lilikuwa limekuwa jina la jumla la michezo yote ya maandishi ya namna hiyo, na kati ya mwaka 1989 na 1991 ukoo huo ukagawanyika. Katika TinyMUD, iliyoandikwa na James Aspnes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 1989, alama na mapigano viliachwa, na wachezaji wakapewa uwezo wa kujenga vyumba, vitu na mitaa yao wenyewe. Mwaka huo huo, Lars Pensjö wa Gothenburg, Uswidi, alitoa LPMud, iliyowaruhusu wachezaji waliofuzu kuandika sehemu mpya za ulimwengu huku mchezo ukiendelea. DikuMUD, iliyoandikwa na wanafunzi watano wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na kutolewa mwaka 1991, ilishika njia nyingine: kila mhusika alikuwa na fani moja, kama vile upiganaji, ukasisi, wizi au uchawi, alipanda ngazi kwa kuua mazimwi, na mapigano yalipangwa kwa hesabu iliyoeleweka. Kwa kuwa DikuMUD ilikuja ikiwa tayari kuchezwa na haikumtaka mwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi ulimwengu wa mchezo, aandike programu yake mwenyewe, ilienea upesi, na michezo mingi ya kibiashara iliyofuata ikarithi umbo lake.

Mgawanyiko huo ulionyesha kwamba wachezaji hawakuwa wakitafuta kitu kimoja. Bartle aliliweka jambo hilo katika makala ya mwaka 1996 ambayo bado hurejelewa na wabunifu wa michezo, akiwagawa wachezaji katika makundi manne: wanaotafuta mafanikio, wanaotafuta maarifa ya ulimwengu wenyewe, wanaotafuta watu wa kushirikiana nao, na wanaotafuta watu wa kuwaonea. Hoja yake iliyo nzito zaidi haikuwa mgawanyo huo bali uhusiano wa makundi hayo, kwa maana kundi moja likiongezeka, jingine hupungua au hustawi, na mbunifu anayebadilisha kanuni moja kwa ajili ya kundi moja huwa ameyagusa yote manne bila kukusudia. Kwa maneno mengine, ulimwengu wa mchezo una siasa, hata pale mtengenezaji anapodhani kwamba ameunda burudani tu.

Siasa hiyo ilionekana waziwazi katika Ultima Online, mchezo wenye picha uliotolewa mwezi Septemba 1997 na kampuni ya Origin Systems ya Austin, Texas, chini ya Richard Garriott, huku Raph Koster akiwa miongoni mwa wabunifu wake wakuu. Mchezo huo haukuwa na fani za kuchagua. Mhusika alijifunza kwa kutenda: aliyepiga nyundo alizidi katika uhunzi, aliyevua alizidi katika uvuvi, na kwa kuwa jumla ya alama za ustadi haikuweza kupita 700 wakati ustadi mmoja ulifika 100, hakuna aliyeweza kumudu kila kitu. Mshona nguo, mfuga wanyama na mwoka mikate walikuwa wachezaji kamili, si mapambo ya mandhari. Wabunifu walitaka kwenda mbali zaidi, wakaandaa mfumo wa ikolojia ambamo wanyama wala majani wangeliwa na wanyama wala nyama, na mawindo yakipungua, mnyama mkali angesogelea makazi ya watu kutafuta chakula. Majaribio yaliuumbua mpango huo, kwa sababu wachezaji waliwaua wanyama wote kwa kasi kubwa kuliko walivyozaliana, hata ikawa hakuna aliyepata nafasi ya kugundua kwamba mfumo upo. Ikolojia ikaachwa. Utata uliokaa ndani ya hesabu za seva, pasipo mchezaji kuuona wala kuugusa, ulikuwa gharama isiyo na faida.

Kina cha Ultima Online kilitokea mahali ambapo palikuwa na hatari. Nje ya miji iliyolindwa, mchezaji yeyote aliweza kumuua mwingine na kuchukua vyote alivyobeba, kwa hiyo mchimba madini aliyerudi kutoka mlimani na farasi wake wa mizigo alihitaji wasindikizaji, wasindikizaji walihitaji silaha za akiba, na mhunzi wa kijijini hakukosa wateja. Wanyang'anyi ndio walioyaunda majeshi ya kuwasaka wanyang'anyi. Lakini wageni wengi waliouawa na kuporwa siku zao za kwanza waliondoka wasirudi, na mwaka 2000 kampuni ikaugawa ulimwengu kuwa nchi mbili zinazofanana, Felucca iliyobaki na sheria za zamani na Trammel ambako mchezaji hakuweza kumshambulia mwenzake bila ridhaa yake. Wachezaji walio wengi walihamia Trammel. Mwaka 2003 ikaongezwa bima ya vifaa, ambayo ilimwezesha mchezaji kulipa dhahabu kidogo ili upanga wake urudi naye baada ya kufa. Amani ilipatikana, na mhunzi, ambaye riziki yake ilitokana na panga zilizopotea, akajikuta na duka lisilo na wateja. Hakuna aliyepanga kuiua kazi yake; iliondoka pamoja na kero iliyokuwa ikiilisha.

EverQuest, iliyotolewa mwezi Machi 1999 na Verant Interactive kwa ushirikiano na Sony, ilikuwa mrithi wa DikuMUD kwa fani zake, ngazi zake na mapigano yake, isipokuwa sasa mazimwi yalionekana kwa macho. Kifo katika mchezo huo hakikumfuta mhusika, lakini kilimpunguzia alama za uzoefu alizozichuma kwa saa nyingi, na maiti yake ilibaki pale ilipoangukia ikiwa na silaha, nguo na mikoba yote, naye akazinduka mbali bila kitu mkononi. Aliyekufa ndani ya pango lenye maadui alilazimika kuwatafuta wenzake wa kumsaidia kuifikia maiti hiyo, na kasisi wa ngazi ya juu, ambaye angeweza kumfufua na kumrudishia sehemu ya alama zilizopotea, alikuwa mtu wa kuombwa kwa adabu. Mchezo haukuwa na ramani ndani yake, na safari ndefu zilifupishwa na wachezaji wenye uchawi wa kusafirisha watu, waliolipwa kwa huduma hiyo. Jina jema lilikuwa mtaji. Mtu aliyewakimbia wenzake vitani au kunyakua nyara isiyokuwa haki yake alijulikana katika seva nzima, na mlango wa kila chama, yaani kikundi cha kudumu cha wachezaji, ulifungwa mbele yake.

Mfano ulio wazi zaidi wa jamii hiyo ni soko la handakini katika nchi ya East Commonlands. Watengenezaji hawakuweka soko mahali hapo. Walijenga handaki la kupita wasafiri tu. Kwa kuwa lilikuwa karibu na miji miwili mikubwa na si mbali na benki, katika seva nyingi wachezaji walianza kukusanyika humo jioni, wakinadi panga, vito na makoti kwa kuandika tangazo tena na tena, huku wengine wakisikiliza bei kwa saa nzima kabla ya kununua, na wajanja wakinunua kwa bei ya chini upande mmoja na kuuza kwa bei ya juu upande wa pili. Mwaka 2001 mwanauchumi Edward Castronova alichunguza biashara ya vifaa hivyo kwa fedha halisi, na akakadiria kwamba pato la wastani la mkazi wa ulimwengu huo wa kubuni lingeuweka kati ya Urusi na Bulgaria. Mwezi Desemba mwaka huo huo watengenezaji waliongeza soko rasmi, ambamo mhusika aliachwa amesimama na bidhaa zake na mnunuzi akatafuta kwa orodha. Usumbufu wa kunadi ulikwisha, bei zikawa wazi kwa kila mtu, na handaki likabaki njia ya wapita njia, kama lilivyokusudiwa.

Jaribio kubwa zaidi la kuujenga utegemeano huo kwa makusudi lilikuwa Star Wars Galaxies, uliotolewa na Sony mwezi Juni 2003 chini ya ubunifu wa Koster. Madini ya sayari zake hayakuwa na sifa za kudumu. Kila mchimbuko wa chuma ulikuwa na ubora wake, ulidumu kwa siku kadhaa, kisha ukatoweka moja kwa moja, hivyo mtengeneza silaha aliyekiwahi chuma bora na kukihifadhi aliweza kutoa bunduki ambazo hakuna mshindani angeziiga. Karibu kila kifaa chenye thamani kilitengenezwa na mchezaji na kubeba jina lake. Wapiganaji waliochoka vitani waliondolewa uchovu kwa kukaa baa wakitazama wachezaji wengine wakicheza ngoma na kupiga muziki, na kwa namna hiyo mcheza ngoma asiyewahi kushika bunduki akawa na nafasi ya lazima katika vita. Mhusika alichanganya stadi kutoka fani zaidi ya 30. Kwa upande mwingine, mapigano yake yalikuwa na kasoro nyingi, na mgeni hakuambiwa aanzie wapi. Mwezi Novemba 2005, kampuni ikitafuta wachezaji wengi zaidi, iliubadilisha mchezo kuanzia msingi na kuzipunguza fani hizo hadi tisa. Wakongwe wengi waliondoka kwa hasira, wageni waliotarajiwa hawakuja kwa wingi, na mchezo ukafungwa tarehe 15 Desemba 2011.

Mwaka huo huo wa 2003 ulishuhudia mchezo uliofuata njia ya kinyume na kudumu. EVE Online, wa kampuni ya CCP ya Reykjavík, Iceland, uliwaweka wachezaji wake karibu wote katika anga moja yenye maelfu ya mifumo ya nyota badala ya kuwagawa katika nakala nyingi za ulimwengu mmoja, kwa hiyo aliyemsaliti mwenzake hakuwa na pa kujificha. Chombo kilichoangamizwa hakikurudi, na vyombo karibu vyote viliundwa na wachezaji kutokana na madini yaliyochimbwa na wachezaji. Uchumi wake ulikua hata mwaka 2007 kampuni ikaajiri mwanauchumi, Eyjólfur Guðmundsson, wa kuufuatilia, na mwaka 2008 likaundwa baraza la wawakilishi wanaochaguliwa na wachezaji. Mwezi Januari 2014, muungano mmoja ulishindwa kulipa ada ya kumiliki mfumo wa B-R5RB kwa wakati, maadui wakaona mwanya, na vita vikapiganwa kwa takribani saa 21 vikihusisha maelfu ya watu. Manowari 75 za daraja kubwa kuliko zote, ambazo kila moja ilikuwa jasho la miezi ya watu wengi, ziliteketea, na thamani ya hasara yote ilikadiriwa kuzidi dola 300,000. Ni ada isiyolipwa, kosa la kiofisi la kawaida kabisa, iliyozaa historia ambayo hakuna mwandishi wa hadithi za mchezo angeipanga.

Hata hivyo, mwelekeo wa soko uliamuliwa na World of Warcraft, uliotolewa na Blizzard tarehe 23 Novemba 2004. Wabunifu wake walikuwa wakiifahamu EverQuest vizuri, na waliipunguza makali kwa utaratibu: aliyekufa alirudi kama mzuka hadi kwenye maiti yake bila kupoteza alama za uzoefu wala vifaa, na mtu aliyecheza peke yake aliweza kufika ngazi ya juu kwa kufuata kazi alizopewa kijiji baada ya kijiji. Mwezi Oktoba 2010 wanachama wanaolipia walifika milioni 12, wakati EVE Online, hata ilipofikisha wanachama 500,000 mwaka 2013, ilibaki mchezo mdogo kwa kulinganisha. Si haki kuiita hatua hiyo usaliti wa sanaa, kwani ndiyo iliyowafungulia mlango wafanyakazi na wazazi ambao hawakuwa na saa sita za kutafuta maiti yao pangoni.

Mara moja ulimwengu huo mwepesi ulipata uzito kwa bahati mbaya. Mwezi Septemba 2005, maradhi ya kubuni ambayo zimwi moja liliwaambukiza wapiganaji ndani ya hekalu la Zul'Gurub yalitoka nje kupitia wanyama wa kufugwa, yakaenea mijini na kuwaua wachezaji wa ngazi za chini kwa wingi. Wengine walikimbilia mashambani, wengine wakajitolea kuwatibu wagonjwa, na wengine wakayaeneza kwa makusudi. Wataalamu wa milipuko ya magonjwa waliliandika tukio hilo katika jarida la kitabibu mwaka 2007 kama kielelezo cha tabia za watu wakati wa janga. Kwa kampuni lilikuwa hitilafu ya programu, na likafutwa kwa kuirudisha seva katika hali ya mwanzo.

Upunguzaji wa makali uliendelea katika World of Warcraft. Mwezi Desemba 2009 uliongezwa mfumo uliowakusanya watu watano kutoka seva mbalimbali na kuwapeleka pangoni moja kwa moja, ambapo hapo awali mchezaji alipaswa kuwaomba wenzake mmoja mmoja na kusafiri nao. Muda wa kusubiri ulipungua sana, lakini watano hao hawakuwa na sababu ya kukumbukana, na tabia mbaya haikuwa na gharama tena. Mwaka 2012 mti wa vipaji, ambao mhusika aliuendeleza kwa kugawa alama nyingi ndogo, ukabadilishwa kuwa machaguo machache makubwa. Hatua ya pili iliupunguza utata wa kanuni, na wachezaji wengi waliizoea; ile ya kwanza iliugusa utegemeano, nayo ndiyo iliyoendelea kulalamikiwa kwa miaka.

Madai ya kurudi nyuma yalijibiwa na Jagex ya Cambridge, Uingereza, iliyofungua Old School RuneScape mwezi Februari 2013 baada ya kura ya wachezaji, ikirejesha mchezo ulivyokuwa mwaka 2007 na kuahidi kwamba nyongeza kubwa zitapitishwa kwa kura. Mwezi Aprili 2016 Blizzard iliilazimisha Nostalrius, seva isiyo rasmi iliyoendesha World of Warcraft kwa sura yake ya kwanza bila idhini, kufungwa, na kilio kilichofuata kilisaidia kuishawishi kampuni kwamba uhitaji ni wa kweli. Toleo rasmi la zamani likatoka mwezi Agosti 2019. Ugumu wa kanuni ulirudi kama ulivyokuwa, lakini jini Ragnaros, ambaye mara ya kwanza alichukua takribani miezi mitano kushindwa, aliuawa kabla ya wiki moja kwisha, kwa sababu wachezaji walirudi na miaka 15 ya ramani, majedwali na mahesabu. Mwezi Agosti 2023 zikafunguliwa seva ambazo mhusika akifa amekufa, hawezi kuendelea kuishi humo. Ilikuwa kanuni ile ile ya Essex, iliyohitajiwa tena pale ambapo ujuzi ulikuwa umekwisha kuuzoea utata wote.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika historia hii anayetakiwa kuinama si mchezaji peke yake. Utata wa kanuni huongezwa na mbunifu na humalizwa na mchezaji aliyezihesabu. Utegemeano hauzeeki kwa namna hiyo, kwa kuwa kila jirani mpya huleta tabia ambayo hakuna jedwali linaloitabiri. Lakini utegemeano una gharama inayobebwa na mtu mwingine daima. Soko la handakini lilikuwepo kwa sababu kuuza kulikuwa kazi ya kuchosha, mhunzi alithaminiwa kwa sababu kuna aliyeporwa, na kasisi aliombwa kwa adabu kwa sababu kuna aliyekuwa amepoteza jioni yake yote. Wachezaji waliodai kina na wachezaji waliodai wepesi mara nyingi walikuwa watu wale wale katika siku mbili tofauti, na kampuni zilizowasikiliza siku moja ziliondoa kero ambazo siku ya pili ziligunduliwa kuwa ndizo zilizokuwa zikiibeba jamii. Mbunifu anayetaka kina hana budi kuamua mapema ni hasara zipi atakazokataa kuwarudishia wachezaji wake, hata watakapoomba, na kukubali kwamba wengi wao wataondoka kwa sababu ya uamuzi huo.